Boba kukakamaa mezani: barafu inasingiziwa?

#1 MrijaMnene

Wakuu salaam.

Watu sita mmetoka kula hotipoti, mmehamia kafe ya vitamutamu, kila mtu kaagiza chai ya maziwa yenye boba, vile viduara vya wanga vinavyovutwa kwa mrija mnene. Dakika kumi za mwanzo mambo safi: boba laini juu, zinavutika, katikati zinarudisha meno kidogo. Maongezi yananoga, saa inakatika. Ukirudia kikombe, zilizobaki chini zimekuwa kifutio cha penseli. Ukiuma zinakatika vipande badala ya kuvutika, na ndani kuna weupe.

Hoja yangu: mhalifu ni barafu. Chukueni vikombe viwili vya boba za sufuria moja, kimoja barafu kamili, kingine bila barafu. Chenye barafu kinakakamaa kwanza, kila mara. Kwa hiyo mkijua mtakaa sana, agizeni bila barafu, kesi imeisha. Anayepinga alete hoja.

#2 SitiYaMbele

Nimeshakaa. Wajuzi njooni.

#3 FundiWanga

Mleta mada una nusu ya jibu, na umechanganya magonjwa mawili.

Boba ni wanga wa muhogo. Wanga mbichi ni punje ndogo zilizojifunga. Ukiupa maji na moto, kuanzia nyuzijoto 60 hadi 70 hivi, punje zinafyonza maji, zinavimba, zinaachia, na unapata kitu kinachong'aa na kuvutika. Kikipoa, minyororo ya wanga inaanza kutafutana upya. Inajipanga, inabana, inasukuma maji pembeni. Wali uliolala unakuwa mgumu kwa sababu hiyohiyo, hata kama sufuria ilifunikwa na hakuna tone la maji lililotoka. Mkate nao vivyo hivyo.

Kubana huku kunakwenda kasi zaidi kwenye ubaridi wa friji, nyuzijoto 4 hivi, kuliko kwenye joto la chumba. Kikombe kilichojaa barafu kinakaa humohumo. Kwa hiyo barafu inaharakisha tu. Kilichoanzisha ni kupoa, na kupoa kulianza tangu jikoni, pale boba ziliposuuzwa.

Sasa huo weupe. Boba iliyokakamaa kwa baridi inapoteza mng'ao yote, inakuwa na ukungu kuanzia juu. Yenye nukta nyeupe katikati na pembeni inang'aa vizuri, hiyo haikuiva. Usiipeleke barafu mahakamani kwa kosa la mpishi.

#4 SufuriaKubwa

Afadhali #3 kaligusa la mpishi, ila kalipitia mbiombio. Mimi nasema malalamiko mengi ya "zimekakamaa" ni boba zilizotoka jikoni hazijaiva. Zikiwa za moto hulioni hilo, kwa sababu tabaka la nje laini linakudanganya. Zikipoa tabaka la nje linajikaza na kile kiini kinajitokeza.

Boba kavu za kawaida, za milimita 8 hadi 10, zinapikwa hivi:

Kilo 1 ya boba, lita 8 hadi 10 za maji. Maji yachemke kwelikweli kabla hujatia kitu, na boba usiziloweke kabla hata dakika moja. Ukiziloweka zinayeyuka na kuwa unga wa matope. Mimina zote, subiri kama sekunde 10 zijifunge juu, ndipo ukoroge taratibu kutoka chini. Ukikoroga mapema unazivunja, ukichelewa zinaganda kwenye kitako cha sufuria. Zikielea, funika, punguza moto kidogo ila maji yaendelee kucheza. Dakika 25 hadi 30. Zima moto, USIFUNUE, ziache dakika nyingine 25 hadi 30. Chuja, suuza kwa maji baridi hadi ute uondoke, tia kwenye shira.

Hiyo nusu saa ya pili ndiyo inayopikia kiini. Na ndiyo ya kwanza kuibwa foleni ikiwa ndefu. Mtu anachungulia, anaona nyeusi na zinang'aa, anachuja. Mteja anakuja kuuliza habari za barafu.

Kipimo: toa moja, ikate kati kwa kisu. Ukiona nukta kama ya chaki, rudisha mfuniko.

#5 NduguKijiko

Lita kumi kwa kilo moja? Hapo unapika au unaoga?

#6 SufuriaKubwa

@NduguKijiko, kila boba inatoa wanga majini. Maji yakiwa machache yanakuwa gundi dakika ya kumi, na kwenye gundi moto hautembei sawasawa. Za kitako zinaungua, za juu zinabaki mbichi. Oga ukitaka, ila maji yawe mengi.

#7 ShiraNzito

Wote mmeruka sukari.

Tazameni mochi, lile donge la Kijapani. Mochi ya unga wa mchele wa kunata na maji matupu, ukiiacha hadi kesho inagonga meza. Ile inayofunikia aiskrimu inakaa kwenye friza na bado unaiuma, kwa sababu imejaa sukari na sukari inashikilia maji yasiukimbie wanga. Kampuni ya Lotte ya Japani ilitoa Yukimi Daifuku, aiskrimu ndani ya mochi, mwaka 1981. Hebu fikiria wanga unaoliwa ukiwa chini ya nyuzijoto sifuri. Kama baridi peke yake ingekuwa mhalifu, bidhaa hiyo isingekuwepo.

Boba iliyokaa kwenye shira ya sukari nyeusi dakika 20 na zaidi kabla ya kuingia kikombeni inastahimili. Iliyopitishwa kwenye shira nyepesi, au iliyotiwa shira pale kikombeni kwa ajili ya yale madoa ya chui ya kupigia picha, sukari yake inaoshwa na chai ndani ya dakika chache. Agizeni "sukari kidogo" halafu mshangae.

#8 FundiWanga

@ShiraNzito nakubali sukari inachelewesha, lakini mfano wako una mtego. Mchele wa kunata karibu wanga wake wote ni amilopektini, ile yenye matawi, ambayo inajipanga polepole. Wanga wa muhogo una amilosi pia, ile isiyo na matawi, kama sehemu moja kwa sita hivi, na amilosi ndiyo yenye haraka. Hao ni ndugu lakini si mapacha.

Na shira ikizidi uzito inafanya kinyume: inavuta maji kutoka ndani ya boba. Zinasinyaa na kuwa ngumu hata bila baridi. Ile iliyokaa kwenye chombo tangu mchana, shira imepungua maji imekuwa kama asali, ukiichota boba zina mikunjo. Hiyo ndiyo dalili.

#9 ShiraNzito

Ndiyo maana shira inaongezwa maji ya moto kila baada ya muda. Hilo si kosa la sukari, ni la anayelinda chombo.

#10 SufuriaKubwa

Tumerudi kwa mpishi. Nilisema.

#11 BiTambi

Swali la wivu. Mbona tambi za rameni, ile supu ya Kijapani, zikisubiri zinalainika hadi zinakuwa uji, na boba zikisubiri zinakuwa mawe? Vyote wanga. Mchagueni mmoja mumfunge.

#12 FundiWanga

Swali zuri hilo. Tambi zipo kwenye supu ya moto, wanga bado uko kwenye hali ya kuvimba, unaendelea kunywa supu. Boba zipo kwenye baridi, mlango wa kunywa umefungwa. Zitie boba kwenye chai ya moto uone: hazikakamai, zinavimba na baadaye zinaanza kulegea. Zitoe tambi kwenye supu uziache sahanini zipoe, nazo zinashikana na kukakamaa.

Tambi nyembamba za mtindo wa Hakata, kule Fukuoka, ndizo zisizosubiri kabisa. Ndiyo asili ya kaedama: bakuli linakuja na tambi za kiasi, ukimaliza unaagiza fungu jingine linatumbukizwa kwenye supu iliyobaki. Sharti uwe umeacha supu ya kutosha. Anayekunywa supu yote kwanza kisha akaagiza kaedama anakula tambi kavu.

#13 Msahihishaji

Marekebisho mawili kwa #1.

Kwanza, si kila kiduara kilicho chini ya kikombe ni wanga. Zile za kupasuka na kumwaga juisi mdomoni ni utando wa alginati, kitu kitokanacho na mwani, uliogandishwa kwa chumvi ya kalisi. Zile angavu zinazokatika kwa meno zimetengenezwa kwa agari, nayo ya mwani, au konjaki, ya kiazi cha Asia. Hizi hazipikwi hivyo na hazikakamai kwa barafu hata mkae hadi kufunga. Mwenye maongezi marefu aagize hizo.

Pili, watu wanadhani "bubble" ya kwenye jina la Kiingereza ni hizo lulu. Asili yake ni povu la chai iliyotikiswa na barafu. Kwa Kichina lulu ni zhenzhu, na kinywaji ni zhenzhu naicha, chai ya maziwa ya lulu.

#14 KikombeTupu

Na aliyeanzisha ni nani? Wengine wanasema Taichung, wengine Tainan.

#15 Msahihishaji

Chun Shui Tang ya Taichung na Hanlin ya Tainan, zote za Taiwan, zote zinadai miaka ya 1980. Walishtakiana kama miaka kumi. Mwaka 2019 mahakama ikasema hakuna haja ya kuamua, kwa kuwa kinywaji hakina hataza na yeyote anaweza kukitengeneza. Wakili wa kila upande alikunywa chai, nadhani.

#16 MrijaMnene

Nashukuru wakuu. Ila hakuna aliyejibu ushahidi wangu. Sufuria moja, shira moja, mpishi mmoja, vikombe viwili. Tofauti ni barafu tu. Kama ni mpishi, kwa nini kisicho na barafu kinadumu?

#17 FundiWanga

Hapo nakupa haki yako, kwa kasi. Nilichokataa ni neno "mhalifu".

#18 SufuriaKubwa

Mimi sijampa. Boba isiyoiva kiini, kwenye chai isiyo na barafu, kiini kinalainishwalainishwa na uvuguvugu usikisikie. Kwenye barafu kinasimama. Jaribio lako linaonyesha kwamba barafu inafichua. Rudia kwa boba uliyoikata kwa kisu ukahakikisha imeiva hadi ndani, ndipo tuongee.

#19 UngaWaMuhogo

Kuna kitu hamjakitaja na kinaniuma. Kafe inayojisifu "boba zetu tunasokota wenyewe kila siku" ndiyo inayokakamaza haraka zaidi.

Boba za kiwandani mara nyingi zina wanga uliorekebishwa, umewekewa vikundi vidogo vya kikemia vinavyozuia minyororo kushikana. Vinaruhusiwa, vina namba zake kwenye pakiti. Za kusokota mkononi ni wanga wa muhogo, sukari na maji ya moto, basi. Ladha inazidi, uimara unapungua. Kwa hiyo mnaweza mkawa mnamlaumu mpishi mzuri na kumsifu aliyefungua pakiti.

Tofautisheni na ile kashfa ya Taiwan ya mwaka 2013, ambapo wanga ulikutwa umetiwa asidi ya maleiki isiyoruhusiwa kwenye chakula, bidhaa nyingi zikaondolewa madukani, boba zikiwemo. Hiyo ilikuwa kwa ajili ya mvutiko huohuo mnaoulilia hapa.

#20 NduguKijiko

Kwa hiyo laini ni tatizo na ngumu ni tatizo. Leteni kahawa.

#21 UngaWaMuhogo

Kwa wanaotaka kusokota: wanga gramu 100, maji gramu 60 hivi, sukari nyeusi gramu 40. Chemsha maji na sukari hadi ichemke kwa fujo, mimina mara moja kwenye nusu ya wanga, koroga haraka hadi iwe ute mzito, kisha ukande na nusu iliyobaki. Maji yasipochemka vizuri wanga hauivi hata kidogo, unapata kile kitu cha ajabu: ukikipiga ni kigumu, ukikiacha kinamwagika. Hakisokoteki. Wengi wanadhani wamekosea vipimo wakaongeza wanga, na boba zinatoka na unga mkavu ndani. Kiini cheupe cha @SufuriaKubwa kimezaliwa hapo, kabla hata ya sufuria.

#22 SufuriaKubwa

Hili nalikubali bila masharti. Andikeni tarehe.

#23 PilipiliManga

Turudi nyuma kidogo. #1 kasema wametoka hotipoti. Kwani chai ya maziwa inaagizwa kwa ajili ya boba au kuzima moto? Maana kama ni kuzima moto, mnainywa haraka na tatizo la kukakamaa linakufa lenyewe.

#24 KikombeTupu

Hotipoti si lile bakuli la kuhifadhia chakula kisipoe? Mnakula bakuli?

#25 PilipiliManga

@KikombeTupu, nilijua utafika. Ni sufuria ya supu inayochemka katikati ya meza, kila mtu anatumbukiza chake. Mara nyingi imegawanywa kati, upande mwekundu wa pilipili na upande mweupe.

Kuhusu moto: kapsaisini, kemikali ya ukali wa pilipili, haiyeyuki majini, ndiyo maana maji yanausambaza tu mdomoni. Kaseini, protini ya maziwa, inaishika na kuiondoa. Lakini ganzi ile ya midomo kutetema haitokani na pilipili kichaa, inatoka kwenye pilipili ya Sichuan, kemikali yake inaitwa sanshuli, na maziwa hayasaidii sana. Inapita yenyewe baada ya dakika kumi au ishirini. Ukiagiza chai ya maziwa huku midomo ina ganzi, boba hutazisikia vizuri. Pengine ndiyo sababu mwanzoni zinaonekana laini na baadaye ngumu. Hazikubadilika, midomo imezinduka.

#26 SitiYaMbele

Subirini. Hii ni nadharia ya tano?

#27 FundiWanga

Ya tano, na ni ya kitapeli. Kikate kwa kisu, kisu hakina ganzi.

#28 NduguKijiko

Halafu kafe nyingi hazitumii maziwa, zinatumia krima ya unga ya mafuta ya mimea. Hapo kaseini inatoka wapi?

#29 Msahihishaji

Soma pakiti. Krima nyingi za "mimea" zina kaseinati ya sodiamu, ambayo ni kaseini ya maziwa. Kwa moto wa pilipili inasaidia. Kwa mwenye mzio wa maziwa ni hatari, asidanganyike na maneno ya mbele ya pakiti.

#30 PilipiliManga

Maadam tumefika mezani, wengi wanaharibu supu kabla ya nusu saa kwa kumwaga kila kitu kwa pamoja. Nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi ni sekunde 10 hadi 15, ishike kwa vijiti usiiachie. Utumbo ule wenye nywelenywele unapigwa "saba juu nane chini": uuzamishe, uinue, uuzamishe, uinue, jumla sekunde 15 hivi. Ukitazama kwa karibu, zile nywele zinasimama na kingo zinaanza kujikunja, hapo toa. Sekunde kumi zaidi unatafuna mpira, na hapo barafu haihusiki.

Mipira ya samaki iliyogandishwa ikielea bado ndani ni baridi, ipe dakika mbili tatu tena. Tofu, ile jibini ya soya, ikigandishwa ina vitundu, inabeba supu ya moto tumboni, usiitupie mdomoni mzima. Mboga za majani zipeleke upande mweupe. Kwenye mwekundu zinabeba mafuta yote ya pilipili yanayoelea. Viazi na tambi mwishomwisho kwa sababu vinatoa wanga, supu inakuwa nzito, inaungua kitako na kurusha matone. Na koleo la nyama mbichi lisiwe vijiti vya kulia. Watu sita wakitumbukiza vijiti vilivyogusa kuku mbichi, kesho hawataongelea boba.

#31 BiTambi

Nakazia hilo la wanga mwisho. Supu ya hotipoti ikigeuka uji hairudi, hata waongeze maji. Ladha inapungua, uzito unabaki.

#32 MezaNdefu

Mnazunguka. Swali la msingi la kundi linalopenda kuongea ni: kipi kinasubiri na kipi hakisubiri?

Boba za baridi: dakika 30 salama, zaidi ya hapo bahati nasibu. Bingsu ya Kikorea ndiyo mbaya zaidi. Ni maziwa yaliyogandishwa yakakwanguliwa kama pamba, inaanza kuzama ikiwa bado inatembea kuja mezani. Xiaolongbao, yale madonge ya mvuke yenye supu ndani, yanasubiri dakika chache tu. Supu ile iliingia ikiwa imeganda kwa jelatini, ikayeyuka kwa mvuke. Donge likipoa ngozi inakauka kwenye kikunjo, inashika karatasi ya chini, ukiinua inachanika na supu inabaki kwenye kikapu. Liweke kwenye kijiko, toboa pembeni, nywa kwanza, kisha siki nyeusi na nyuzi za tangawizi.

Vinavyosubiri: tofu laini ya kitamu, jeli ya majani meusi, supu ya maharage mekundu. Sago ya maembe inasubiri kiasi. Vipunje vyake vya wanga ni vidogo, vikikakamaa meno hayagombani navyo, ila vinazidi kunywa maziwa na bakuli linakuwa zito.

Kwa hiyo agizeni kwa zamu. Bingsu ije mikono ikiwa mitupu na simu ziko chini. Chai ya boba iagizwe mnapokaribia nusu ya maongezi, si mnapoingia.

#33 KikombeTupu

Bingsu inachanganywa au haichanganywi?

#34 MezaNdefu

Usilete vita hapa.

#35 ShiraNzito

Inachanganywa. Maharage yako chini, maziwa mazito juu, bila kuchanganya unakula theluji tupu katikati.

#36 BiTambi

Ukichanganya unayeyusha kwa mkono wako. Anza pembeni, teremka, kula kama unabomoa kilima kutoka chini. Atakayekuja kuchanganya bakuli la watu wanne bila kuuliza akatwe kijiko.

#37 NduguKijiko

Jina langu limehusishwa bila ridhaa.

#38 MrijaMnene

Tukirudi kwenye mada: zikishakakamaa, zinaokoka?

#39 FundiWanga

Kwa sehemu. Amilopektini iliyojipanga inaachia tena kuanzia nyuzijoto 50 na kitu. Amilosi iliyojifunga inahitaji zaidi ya 100, hiyo huipati mezani. Kwa hiyo zinalainika lakini hazirudi zilivyokuwa, na zikipoa mara ya pili zinakaza haraka kuliko mwanzo.

Omba kikombe kidogo cha maji ya moto sana. Chota boba kwa kijiko zitoke kwenye chai na barafu, zitumbukize dakika moja au mbili, zile papo hapo. Kama ni nyumbani, zichuje, tia kijiko cha maji, sekunde 15 hadi 20 kwenye maikrowevu, ongeza tano tano. Ukizidisha zinashikana donge moja. Wala usihifadhi kikombe kwenye friji hadi kesho. Hilo ndilo joto baya kuliko yote.

#40 SufuriaKubwa

Naye ametoa kipimo bila kujua. Zikilainika hadi ndani kwa dakika mbili za maji ya moto, ilikuwa baridi. Kiini kikibaki chaki, ilikuwa jikoni. Kiini kibichi kinataka moto mwingi zaidi ya huo.

#41 UngaWaMuhogo

Na zikiyeyuka juu huku ndani zimekaza, zilikuwa za kusokota na zimelala. Jiko la kawaida linatakiwa kumwaga boba baada ya kama saa nne tangu ziive. Mwishoni mwa siku ndipo macho hufumbwa.

#42 ShiraNzito

Na zikiwa na mikunjo ni shira. Msinisahau.

#43 MrijaMnene

Basi nabadilisha: barafu ni mshirika. Shtaka la msingi nalishikilia hadi mtu alete vikombe viwili vilivyokatwa kwa kisu.

#44 FundiWanga

Boba kumi kila kikombe, kata mbilimbili kila dakika 15, kipimajoto ndani ya chai. Bila kipimajoto ni porojo.

#45 KikombeTupu

Nje ya mada kidogo. Ule mfuniko wa plastiki uliobanwa na mashine, mrija ukiutoboa chai inaruka hadi kwenye shati. Kuna mbinu?

#46 Msahihishaji

Mrija uwe wa milimita 12 hivi wenye ncha iliyokatwa mshazari. Ziba tundu la juu kwa dole gumba, shika karibu na juu, piga mara moja katikati. Hewa iliyofungiwa inaukaza mrija usipinde, na chai haina njia ya kupanda. Ukisukuma polepole mfuniko unabonyea, chai inabanwa, inatafuta shati. Kikombe usikikamue kwa mkono mwingine.

#47 NduguKijiko

Na wa karatasi?

#48 Msahihishaji

Wa karatasi una jaribio moja. Ncha ikishakunjika omba mwingine. Na usiuache kwenye chai saa nzima, unalegea, boba inakwama katikati.

#49 SufuriaKubwa

Ikikwama usivute kwa nguvu, itaruka moja kwa moja kooni. Vua mrija, puliza kurudi chini. Watoto wadogo wapewe kijiko.

#50 MrijaMnene

Kwenye mrija wa karatasi mnakubaliana wote, kwenye barafu hamtaki.